Taa, Ufizi na Mkwe wa Ustadh

Tangu nistaafu, vijana niliowaacha kliniki ya meno hawaachi kunipigia simu. Wanataka niwaandikie hekima za kazi. Hekima sina. Nina mgongo uliopinda upande mmoja kwa kuinamia vinywa vya watu, na nina hasira ambazo sikuzimaliza nilipokuwa kazini. Basi nitawaandikia hizo hasira, wakitaka kuziita hekima shauri yao. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, kwa sababu hazikuwa nyingi na hazichekeshi.

Jina langu ni Kadzo. Wagonjwa wote waliniita daktari, lakini mimi nilikuwa afisa wa afya ya kinywa, yaani yule anayeng'oa, anayeziba, anayekwangua ugaga na anayelaumiwa. Nilianzia zahanati moja ya Magongo, kule Changamwe. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, nikitarajia kukuta mashine. Nilikuta kiti cha chuma, makoleo ya kung'olea, kioo cha kinywa chenye ufa, na sufuria ya kuchemshia vyombo ambayo, kwa harufu yake, ilikuwa pia imepikiwa pweza.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Athmani, mtu wa Mombasa hasa, mzungumzaji wa taratibu, asiyeweza kumng'oa mtu jino kabla hajamuuliza habari za nyumbani kwake mpaka za majirani. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa kuli wa bandarini, shavu limevimba hadi jicho limefumba. Alikuwa amejaribu karafuu, kisha chumvi, kisha maji ya betri, na yote yaliposhindikana ndipo akaikumbuka zahanati. Nilishika koleo kwa mikono miwili nikavuta kama anayeng'oa muhogo. Bwana Athmani akanigonga begani.

"Mwanangu, jino halivutwi. Jino huombwa. Lisukume huku, lisukume kule, mpaka lenyewe lichoke."

Nikaliomba. Likatoka, na usaha ukafuata. Yule kuli akalia kwa raha, kisha akaniuliza kama sasa anaweza kurudi kutafuna muguka, yale majani yao ya kuchangamsha. Hapo ndipo nilipoijua kazi yangu itakavyokuwa.

Miaka ya Magongo ilipita, nikahamishiwa Likoni, kwenye kliniki ambayo watu wa mtaa wa Shika Adabu wote huja kwa miguu. Huko tulikuwa na kiti kinachopanda na kushuka, siku umeme ukiwepo. Baadaye tukaletewa taa ndogo ya buluu ya kukaushia ujazo wa meno. Unaziba tundu kwa dawa laini, unaimulika, inakuwa ngumu. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Lakini ile siku ya kwanza nilipoiwasha, mama mmoja alitoka nje akatangaza kwamba kliniki imeleta taa ya kuua wadudu wa meno, na kuanzia hapo sikupata amani. Watu walikuja na majipu wakitaka kumulikwa. Walikuja na fizi zinazovuja damu, hawajapiga mswaki tangu sikukuu, wakafunua kinywa na kusema, "Niwashie."

Nikawaeleza. Nikaeleza asubuhi, nikaeleza alasiri, nikaeleza sokoni nikinunua mchicha. Taa haiui wadudu. Taa inakausha dawa. Kinachoua ni mswaki, na kukwanguliwa, na kuacha ukaidi. Nilieleza hivyo miaka nenda miaka rudi, hadi karibu watu wanielewe. Kisha, nikiwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, wakaja watafiti wakiwa na taa inayoua wadudu.

Nilitamani kujifungia stoo.

Aliyeongoza utafiti pale kwetu alikuwa Daktari Wanjiru, binti mwembamba kutoka bara, msomi kwelikweli na mwenye bidii, ambaye alikuwa na haraka hata ya kunywa chai. Alinieleza vizuri, nami nitawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Wale bakteria wanaokaa chini ya ufizi hujijengea utando, wakajificha humo kama watu walio nyuma ya ukuta, na dawa za kumeza haziwafikii sawasawa. Tena wameshazizoea. Sasa, wataalamu wametengeneza chembe ndogo mno, zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida, wakazipakia rangi ya buluu na kuziweka ndani ya jeli. Unaipenyeza jeli chini ya ufizi. Chembe zinaingia kwenye ule utando zikatulia, hazimdhuru mtu. Ukizimulika kwa taa nyekundu, zinaamka na kutoa oksijeni kali inayowatoboa bakteria papo hapo. Taa ikizimwa, na ukali unakwisha. Bakteria hawapati hata nafasi ya kuuzoea.

Nilisema ni jambo zuri, na bado nasema hivyo. Daktari Wanjiru mwenyewe hakuwa mtu wa miujiza. Alisisitiza kwamba lazima tukwangue ugaga kwanza, kwamba taa ni msaada tu, na kwamba mfupa ulioliwa haurudi. Taabu haikuwa kwake. Taabu ilikuwa masharti.

Sharti la kwanza, kila mgonjwa amulikwe nusu moja tu ya kinywa, na nusu ya pili ikwanguliwe bila taa, ili ijulikane taa imeongeza nini. Jaribu kumweleza mtu wa Likoni kwamba utamtibu nusu. "Kwani mimi nimekuja nusu?" mama mmoja aliniuliza. Sharti la pili, sukari ya damu ipimwe kila mgonjwa anapokuja, maana sukari ikipanda fizi haziponi, umulike usimulike. Sharti la tatu ndilo lililonizeesha. Jeli haitakiwi kuonja mwanga kabla ya wakati wake, kwa hiyo chumba kiwe giza.

Chumba chetu kina madirisha makubwa, kwa sababu aliyekijenga alijua Likoni kuna joto. Tukayaziba kwa vitambaa vyeusi vya mabuibui. Mlango ukafungwa. Feni ilikuwa imekufa zamani. Msaidizi wangu alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine, hivyo tukabaki mimi na Daktari Wanjiru mle ndani, na miwani ya kijani machoni, tukipikika taratibu.

Ndipo akaja Ustadh Khamis.

Ustadh Khamis alikuwa mwalimu wa madrasa na imamu wa msikiti mmoja wa jirani, mtu wa makamo, safi, kanzu yake haina hata kunyanzi. Kila Ramadhani yeye ndiye aliyesalisha tarawehe, na hata mimi Mkristo, nyumbani kwangu, niliyajua masikio yangu yanapendelea sauti gani. Alifunua kinywa kwa aibu. Meno manne ya mbele, ya juu, yote yalikuwa yakicheza. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba, ukibonyezwa unatoa usaha. Aliniambia ana sukari ila ameidhibiti, na siku hiyo kipimo kilimuunga mkono.

"Daktari," akasema, "kuna herufi za Qurani, ulimi sharti uguse ncha ya meno haya. Nyingine mdomo wa chini sharti uyakute. Meno yakitoka, mimi sipotezi uzuri. Napoteza kisomo. Na kuna kijana amerudi kutoka masomoni, meno yake yote mazima, asubiri kwa adabu apate kusalisha yeye. Ramadhani yaja."

Nilimwonea huruma sana. Nikamwambia kuna hii dawa ya taa, na anafaa. Akafurahi, akauliza inavyofanywa. Nikamweleza.

"Mlango utafungwa?"

"Utafungwa, Ustadh."

"Na madirisha?"

"Yameshazibwa."

"Na taa ya chumba?"

"Itazimwa. Kwa muda mdogo tu, hadi jeli iingie."

Akanitazama, akatazama vile vitambaa, akanitazama tena. "Mimi, wewe, na giza?"

"Ustadh, mimi nina wajukuu."

"Hata ungekuwa na vitukuu. Mwanamume na mwanamke wasiokuwa maharimu, wamejifungia gizani. Wallahi haifai."

Daktari Wanjiru akaingilia, kwa kutaka kusaidia. "Lakini Ustadh, si mimi pia niko ndani? Hatutakuwa wawili."

"Mwanangu, hapo waliozidi ni wanawake. Giza ni lile lile."

Nikatoka nje nikamwita Bakari, askari wa lango, aje akae ndani kama shahidi. Ustadh akanipungia mkono kwa nguvu nimrudishe. Aliponieleza sababu, alinong'ona. "Bakari husali nyuma yangu. Akiona meno yangu yacheza, kufika Ijumaa msikiti mzima wajua." Nikamwambia basi alete mkewe. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi, yumo ndani, arobaini haijatimia, hatoki. Ndugu wa kiume? Wako Lamu. Dada? Hana. Nikamwambia, "Ustadh, basi tafuta mtu yeyote duniani ambaye ni maharimu wako na anaweza kukaa kimya."

Siku aliyorudi alikuja na mkwewe.

Bi. Mwanakombo, mama wa mkewe, alikuwa ametoka Kiembeni kuja kumlea bintiye na mtoto mchanga. Mwanamke mpana, mwenye heshima zake, buibui jeusi, na chupa ya chai mkononi asiyoiacha. Kwa sheria ya dini hakukuwa na tatizo, mkwe ni kama mama. Tatizo lilikuwa adabu. Pwani yote, kwao na hata kwetu Wagiriama, mwanamume hafunui kinywa chake mbele ya mama mkwe. Kula kwenyewe mbele yake ni kwa kujibana. Sembuse kulala chali, mdomo wazi, usaha unatoka!

Walijadiliana wenyewe kwa wenyewe kwa upole mkubwa, huku mimi nikipoteza asubuhi yangu. Mwishowe ikaamuliwa Bi. Mwanakombo akae kwenye kiti pembeni, mgongo kwetu, uso ukutani. Daktari Wanjiru akasema hata huko ukutani lazima avae miwani. Basi tukafanya kazi hivyo. Mlango umefungwa, jasho linatutiririka, Ustadh amefumba macho kwa haya, na ukutani mama mkwe na miwani yake ya kijani, akivuta tasbihi. Kila nilipokwangua alisikia ile sauti ya chuma na jino, akasema, "Ya Rabi stara."

Kisha tukazima taa ya chumba, jeli ikaingia, ile taa nyekundu ikawaka, tukapitisha ncha yake ufizi mmoja mmoja wa upande wa kulia. Ustadh alipoondoka, midomo yake ilikuwa ya buluu. Baadaye nilisikia watoto wa madrasa walisema mwalimu amekula zambarau bila kuwagawia.

Alipokuja mara ya pili, nilitarajia ufizi uwe umeanza kutulia. Haukuwa. Upande uliomulikwa na upande usiomulikwa, zote zilikuwa nyekundu vilevile. Kipimo cha sukari, kilichofanywa chumba cha pili kwa faragha, kilikuwa juu mno. Daktari Wanjiru akamwonya kwa sauti ya chini. Ustadh akaapa atajirekebisha. Mara ya tatu sukari ilikuwa imepanda zaidi.

"Ustadh," Daktari Wanjiru alimwambia, "ikibaki hivi nitalazimika kukutoa. Sio kwa ubaya. Mwili wako hautapona, na utakuwa umeteseka bure."

Alibaki amesimama pale, anaikunja na kuikunjua leso yake. Dawa zake alikuwa akizimeza, alisema. Kutembea alikuwa anatembea. Nikamwomba Daktari Wanjiru tumkwangue kidogo angalau, na wakati huohuo nimhoji, maana mtu huyu ananificha kitu. Tukaingia chumbani, mkwe ukutani, mlango ukafungwa, taa ikazimwa kwa mazoea. Subira yangu ilikuwa imekwisha kabisa.

"Ustadh, wala chakula gani siku hizi?"

"Nala kidogo tu, daktari. Kama ndege."

Ukutani kukasikika sauti. "Ndege gani huyo? Mbuni?"

Hakuna aliyetegemea aseme. Bi. Mwanakombo hakugeuka. Aliuambia ukuta.

"Asubuhi mahamri na mbaazi. Nikimpikia mzazi uji wa asali na samli, mzazi abakisha, yeye amaliza. Jioni mkate wa sinia. Halua nimeagiza Mombasa, imekwisha, nimeagiza tena. Na kila nikimwongeza hakatai hata siku moja. Nami nasema alhamdulillahi, mwanangu ameolewa na mtu mwenye shukurani."

Nilitaka kupiga kelele. Siri ya mgonjwa si yangu kuitoa, hilo mlijue siku zote, hata inapokuwashia moto kifuani. Daktari Wanjiru naye aliweka kidole kwenye swichi. Tulikuwa mle gizani wanawake watatu, wawili wanajua na mmoja hajui, tukimngoja mwanamume mmoja afungue mdomo ambao tayari nilikuwa nimemwamuru aufungue.

"Mama," Ustadh akasema. "Mimi nina sukari."

Tasbihi ikanyamaza.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya posa."

"Mwanangu yuajua?"

"Yuajua. Nalimkataza asikwambie."

"Kwa nini, Khamis?"

"Naliogopa mtanikataa. Kisha nikaingia nyumbani kwenu, mkanifanya mtoto. Ukinipa chakula kwa mkono wako, nitakurudishiaje?"

Nilifikiri mkwe atalia, au atamwombea dua. Bi. Mwanakombo alikasirika. Kiti kililalamika chini yake, lakini hata katika hasira hakugeuka, kwa adabu ileile iliyotuponza.

"Babake mke wako alinificha vivi hivi. Wajua? Nalimpikia halua mpaka akakatwa mguu. Na baada ya kukatwa nikampikia tena, kwa kuwa hakuna aliyeniambia, wote waniona nitaumia moyo. Nikamzika. Ndipo daktari akaniambia. Mficha maradhi..." Akaikatiza methali hapohapo, akabadili sauti. "Nyie wanaume mwafa kwa adabu! Mwanigeuza muuaji, na mwiko mkononi!"

Sikuona uso wake, wala sikuona wa Ustadh. Nilimsikia tu akisema, "Nisamehe, mama," akarudia, na kila mara neno lilikuwa likikatika. Mimi nilikuwa bado nimeshika chuma changu cha kukwangulia. Nilisikitika kwa ajili ya yule mama, na wakati huohuo nilikuwa na hasira na kila mgonjwa aliyewahi kuniambia anakula kama ndege. Daktari Wanjiru akawasha taa ya chumba. "Leo hatumuliki," akasema. "Turudi wiki ijayo."

Kuanzia siku hiyo Bi. Mwanakombo aliichukua serikali. Mahamri yakakoma. Samaki wa kuchoma, mchicha, kunde, chai kavu. Ustadh alinung'unika kwamba hata mtoto mchanga anakula vizuri kuliko yeye. Mkwe akaipata namba yangu ya simu, sijui kwa nani, na hapo nikajuta. Alinipigia kuuliza kama ndizi mbivu inafaa. Alinipigia kuuliza kama nusu ndizi inafaa. Alinipigia nikiwa kanisani kuuliza habari za embe, na embe lenyewe halikuwa hata msimu wake.

Sukari ikashuka. Tukaendelea na taa, na safari hii ufizi ukakubali. Wekundu ukapungua, usaha ukakauka, meno matatu yakashika. La nne, moja la yale ya kati, upande wa kulia, lilikuwa halina mfupa wa kulibeba. Lilikuwa upande uliomulikwa, tafadhali mlitie hilo akilini kabla hamjaanza kutangaza miujiza. Nililiomba taratibu, likatoka bila hata kuvuja damu nyingi.

Daktari Wanjiru aliandika matokeo kama yalivyokuwa, mazuri na mabaya. Upande wa taa ulikuwa umetulia mapema kidogo, alisema, lakini katika mgonjwa huyu hawezi kuapa ni taa. "Aki mama, huyu mkwe ameniharibia utafiti," aliniambia, akicheka na kushika kichwa. "Amebadilisha kila kitu katikati!" Nikamwambia ndiyo maana ya mkwe. Muda wa utafiti ulikwisha, taa na jeli vikafungwa ndani ya masanduku vikarudi Nairobi, nami nikavishusha vile vitambaa vyeusi nikavifanya vya kupangusia meza.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Ustadh alikuja kuuliza kama naweza kumpachika jino la bandia. Fundi wa mjini alisema haliwezi kuwa tayari kwa wakati. Nilipomwambia hivyo, alikaa akigusa pengo kwa ulimi. Alisoma herufi moja polepole, mbele yangu. Ilitoka na upepo. Akairudia, upepo tena. Aliniaga kwa salamu zote zinazopasa, akaenda zake, nami nilibaki nimekasirika siku nzima bila kujua namkasirikia nani. Kazi yote ile, na mtu bado anakwenda kupoteza kitu chake.

Usiku wa tarawehe ya kwanza nilikuwa kwa binti yangu Changamwe, sikusikia lolote. Asubuhi nilipofika kliniki nilikuta benchi ya nje, ambayo siku zote huwa ya kina mama na watoto, imejaa wanaume. Kofia tupu. Wengine wamesimama. Nikadhani pana msiba.

"Shikamoo, daktari," Bakari akasema langoni. Alionekana kama mtu aliyekosa usingizi.

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

"Ni Ustadh. Jana kabla ya kusalisha alitugeukia. Akasema, 'Ndugu zangu, jino langu la mbele limetoka, na lililolitoa ni sukari. Nimeificha miaka. Herufi zangu nyingine zitakuja na upepo. Anayeona haifai, kijana wetu yule pale, namsalishe, mimi nitasimama nyuma yake kwa radhi.'"

"Na yule kijana?"

"Alimshika Ustadh mabega akamgeuza kibla. Akarudi safuni. Basi tukasali." Bakari akapangusa uso. "Tulipotoka, daktari, watu wavaa viatu, mmoja akasema hata mimi ninayo. Mwengine akasema hata mimi. Tulichelewa kurudi majumbani."

Niliwatazama wale wanaume. Baadhi yao nilikuwa nimewasihi miaka mingi waje, hata sokoni, nao wakanijibu inshallah. Nilihisi furaha nikaificha, nikawaambia kwanza kabisa ile taa imeondoka, kwa hiyo aliyekuja kumulikwa aende zake. Hakuna aliyeinuka. Nikamwita wa kwanza ndani, mzee mwenye duka la vyuma, nikamketisha, nikashika kioo. Akafumba mdomo.

"Funua, baba."

Akatikisa kichwa. "Nimefunga."

Nikatoka mlangoni. "Nyote mmefunga?"

Wakaitikia naam kwa pamoja, kama watoto wa madrasa. Maisha yao yote hawakuja, na siku waliyokuja ni siku ya kwanza ya Ramadhani, ambayo hakuna hata mmoja atakayekubali kioo kimguse ulimi! Nikawaambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Niliwauliza kama walinikosa mwezi mzima wa Shaabani uliopita. Niliwaambia natazama tu, siweki maji, siweki dawa, na sukari napima kwa tone la kidole. Wakatazamana. Mmoja akasema ni bora kujihadhari. Mwingine akasema warudi Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Tayari wawili walikuwa wakitafuta viatu vyao.

Ustadh Khamis aliingia langoni wakati huo, akanisikia ninavyofoka. Aliwasalimia, akapita katikati yao, akanipa kidole nikakichoma mbele ya wote. "Damu hii haifunguzi," akawaambia. "Wala kutazamwa hakufunguzi." Kisha akanivuka akaingia chumbani. Nikashika kitasa kufunga mlango, kama tulivyozoea naye.

"Uwache, daktari," akasema.

Yule mzee akampisha. Ustadh akavua kofia akaiweka pajani, akalala chali kwenye kiti, akafunua kinywa chote, na kwa kidole akauinua mdomo wa juu mpaka pengo likaonekana na ule ufizi kando yake. Akawaashiria kwa mkono wa pili wasogee. Kwanza hakuna aliyejongea. Kisha Bakari akatangulia.